Muhuri wa Mtume na barua za kamati zetu

Mtume Muhammad (s.a.w.) alipokusudia kuwaandikia Warumi, alielezwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyo na muhuri. Imam Bukhari amepokea kuwa hapo ndipo alipojifanyia pete ya fedha iliyochorwa maneno ya utume wake. Ujumbe wake ulikuwa wa haki. Hata hivyo aliuandaa kwa namna ambayo mpokeaji angeukubali mkononi.

Ndugu msomaji, funzo hilo tunalihitaji sana katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni. Kamati nyingi za misikiti na madrasa huandika barua kwa usiku mmoja, baada ya Isha, nyoyo zikiwa zimechemka. Kisha hulalamika kuwa hazijibiwi.

Tuchukue mfano wa madrasa iliyopo Mbagala, ambayo watoto wake huvuka Barabara ya Kilwa kila alasiri. Wazazi wanataka kivuko chenye alama. Je, aandikiwe nani? Wengi watakimbilia manispaa. Lakini Barabara ya Kilwa ni barabara kuu, nayo iko chini ya TANROADS. Barabara za ndani ya mitaa ndizo zilizokabidhiwa TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barua iliyobisha mlango usio wake huweza kuzunguka kwa wiki kadhaa, na wiki zote hizo watoto wanaendelea kuvuka mbio.

Akishajulikana mpokeaji, litazamwe ombi. Liwe moja, lionekane kwenye mstari wa "YAH", na lielezwe katika aya ya kwanza. Malalamiko ya mitaro na taa yasubiri barua zake yenyewe.

Kisha uje ushahidi. Wanakamati wasimame barabarani siku tatu, wahesabu watoto wanaovuka, waandike saa, na wataje kituo cha daladala kilicho karibu. Kumwambia mhandisi kuwa watoto ni wengi hakumsaidii; idadi, saa na mahali ndivyo anavyoweza kuvifanyia kazi.

Mwisho ni njia ya barua yenyewe. Ipitie serikali ya mtaa na kupata muhuri wake. Iwe na jina na namba ya simu ya mtu mmoja atakayejibu maswali. Nakala ya kamati nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani bila nakala hiyo ufuatiliaji huanza upya kila mara.

Kabla ya kuipeleka, mpeni mtu asiyekuwa mwanakamati aisome mara moja, kisha muulizeni: tunaomba nini? Akisitasita, barua haijawa tayari.

Wazazi wamewakabidhi wanakamati watoto wao. Saa mbili za kuipanga barua vizuri ni sehemu ya kuitunza amana hiyo.