Memori kadi katika vifaa vya kujiundia

Memori kadi ya microSD ina urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11, lakini hubeba data nyingi kuliko vifaa vingi vya kujiundia vitakavyowahi kuhitaji. Bodi ya Arduino Uno R3 ina kilobaiti 1 tu ya kuhifadhia data ya kudumu. Kifaa cha kupima hali ya hewa kinachoandika mstari wa baiti 30 kila dakika huijaza kwa nusu saa na ushei. Kwenye kadi, vipimo hivyo vya mwaka mzima havifiki megabaiti 16.

Kununua kadi kubwa, basi, ni kutupa fedha, na wakati mwingine ni kujitafutia usumbufu. Kadi zinazozidi gigabaiti 32 huuzwa zikiwa na mfumo wa faili wa exFAT, ilhali maktaba ya SD inayotumika sana kwenye Arduino husoma FAT16 na FAT32 pekee.

Kuunganisha si kazi ngumu: waya nne za mawasiliano kwa njia ya SPI, na mbili za umeme. La kuangaliwa ni volti. Kadi hutumia volti 3.3, ilhali pini za Uno hutoa 5, kwa hiyo lazima pawe na sakiti ya kuzishusha katikati.

Kasheshe hasa iko kwenye kuandika. Kadi haipokei baiti mojamoja bali mafungu ya baiti 512, na fungu moja tu hula robo ya RAM ya Uno. Programu hulilimbikiza fungu hilo kwanza, ndipo hulituma. Umeme ukikatika kabla ya hapo, vipimo hupotea. Ukikatika katikati ya kuandika, hata orodha ya faili huweza kuvurugika. Kuamuru kila mstari uandikwe papo hapo hupunguza hatari ya kupoteza vipimo, lakini huchosha seli za kadi, ambazo hufutwa na kuandikwa upya kwa idadi ya mara yenye kikomo, na humaliza betri. Kuandika kila baada ya dakika kadhaa ni busara zaidi, mradi mwenye kifaa awe radhi kupoteza vipimo vya dakika hizo.

Kadi isichomolewe kifaa kikiwa kinaandika. Kitufe cha kuiamuru programu ifunge faili kwanza ni rahisi kuliko kadi mpya.