Fahamu: Nini maana ya «kupiga kambi»?

Msemo «kupiga kambi», unaojitokeza katika habari kila kiongozi anapokaa Nzega, mkoani Tabora, kwa siku kadhaa kusimamia mradi wa maji au barabara, kwa maana yake ya msingi ni kuweka makazi ya muda, kama wafanyavyo askari na wasafiri. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Unyamwezi ilikuwa ya biashara, lakini iliendeshwa nusu kijeshi: kirangozi, yaani mwongoza njia, alitangulia na bendera, wapagazi wakafuata na mizigo, na penye hatari kambi ilizungushiwa boma la miiba kabla ya giza. Leo timu ya mpira huingia kambini, Kanuni za Bunge la Tanzania zinaitambua Kambi Rasmi ya Upinzani, na hata njaa husemwa imepiga kambi nyumbani, matumizi yenye nguvu kuliko yote (na yenye kejeli, maana kambi nyingi za misafara zilikuwa za usiku mmoja tu). Mwandishi anayedai waziri «amepiga kambi» kwa ziara ya saa mbili ameutumia msemo huo vibaya.