Cheo cha Kurithi: Maisha ndani ya Ukoo wa Fisi Madoa

Fisi madoa huishi katika koo zinazoongozwa na majike. Kwenye nyika kame za kusini mwa Afrika ukoo huweza kuwa na fisi wachache tu, ilhali katika nyanda zenye nyumbu na punda milia tele, kama Maasai Mara nchini Kenya, ukoo mmoja huweza kuzidi fisi 100. Kila fisi ana cheo ndani ya ukoo wake, na kila mmoja anakijua chake na cha wenzake. Cheo hicho hurithiwa kutoka kwa mama na kulindwa na jamaa, wala hakipatikani kwa nguvu za mwili. Ndicho kinachoamua nani ale kwanza kwenye mzoga, jike gani azae mapema, watoto wa nani wakue haraka na nani asafiri mbali kutafuta chakula.

Fisi madoa, ambaye jina lake la kisayansi ni Crocuta crocuta, ni mojawapo ya spishi nne za familia ya fisi. Ingawa umbo lake humfanya mtu amdhanie kuwa jamaa ya mbwa, kiukoo yuko karibu zaidi na nguchiro, fungo na paka. Fisi mzima wa Afrika Mashariki huwa na uzito wa kilo 45 hadi 65 hivi, na jike humzidi dume kidogo.

Mengi yanayojulikana kuhusu mnyama huyu yametokana na utafiti wa muda mrefu Tanzania na Kenya. Hans Kruuk aliwachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972. Laurence Frank alianza kazi katika eneo la Talek, Maasai Mara, mwaka 1979, na Kay Holekamp akaiendeleza kuanzia 1988. Huko Serengeti, Heribert Hofer na Marion East walianza mwaka 1987. Tangu 1996 koo 8 zilizo ndani ya kasoko ya Ngorongoro zimefuatiliwa fisi mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Mpangilio wa madoa hutofautiana kati ya fisi na fisi, hivyo mtafiti humtambua kila mmoja kwa macho na kuandika nasaba yake.

Ngazi ya vyeo

Vyeo vya ukoo hupangwa kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kileleni yupo jike mkuu. Chini yake hufuata watoto wake, kisha jike wa pili na watoto wake, na kuendelea hivyo hadi familia ya mwisho. Chini ya wote waliozaliwa ukooni wapo madume waliohamia kutoka koo nyingine. Ndiyo maana hata mtoto wa jike wa cheo cha chini anaweza kumfukuza dume mgeni aliyekomaa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba majike huwatawala madume kwa sababu ni wakubwa na wakali zaidi. Uchunguzi wa koo za Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha sababu nyingine. Fisi wawili wanapogombana, mshindi kwa kawaida ni yule mwenye jamaa wengi zaidi wanaoweza kumsaidia. Majike hubaki walikozaliwa, wakiwa wamezungukwa na mama, dada, binti na shangazi. Dume mhamiaji huwa hana ndugu wa kumtetea. Dume ambaye bado anaishi kwao, hasa mwana wa jike mkuu, huwashinda majike wengi walio chini ya mama yake. Tofauti ya uwezo kati ya jinsia hizo mbili hutokana basi na nani ana jamaa zake karibu.

Mpangilio huu hauhitaji mapigano ya kila siku. Fisi wa chini hukubali kushindwa kwa kulaza masikio, kuinamisha kichwa, kuonyesha meno na kubana mkia tumboni. Ugomvi ukizuka, fisi walio karibu kwa kawaida hujiunga na upande wa mwenye cheo cha juu. Baada ya ugomvi, fisi huweza hata kuwashambulia jamaa wa adui yake, jambo linaloonyesha kwamba anajua nani ni ndugu wa nani. Ujuzi wa aina hii hauonekani kwa wanyama wengi walao nyama.

Jinsi cheo kinavyorithiwa

Mtoto wa fisi huzaliwa akiwa na manyoya meusi, macho yamefunguka na meno tayari yameota. Kwa kawaida huzaliwa wawili, baada ya mimba ya takriban siku 110. Mapacha huanza kushindana mara tu baada ya kuzaliwa, na mmoja humtawala mwenzake. Maziwa yakiwa haba, mshindi huweza kumzuia mwenzake kunyonya hadi akafa.

Katika majuma ya kwanza mama huwaficha watoto kwenye shimo la faragha, kisha huwahamishia kwenye shimo la pamoja la ukoo. Hapo ndipo urithi wa cheo huanza kujengwa. Mwanzoni watoto hushindana kwa umri na ukubwa. Lakini mtoto wa jike wa juu anapogombana na mtoto wa jike wa chini, mama huingilia kati na kumfukuza mpinzani. Watoto wote wawili hujifunza. Mmoja huzoea kushinda, mwingine huzoea kukubali, na baada ya muda mambo huwa vilevile hata mama asipokuwapo. Kabla ya kufikisha miaka 2, mtoto wa jike wa juu huwa ameshawashinda hata majike wazima walio chini ya mama yake.

Miongoni mwa ndugu wa mama mmoja, mdogo huwapita wakubwa wake, kwa kuwa mama humtetea mtoto mchanga hata dhidi ya dada zake waliokomaa. Kwa hiyo jike mkuu anapokufa, nafasi yake kwa kawaida hushikwa na binti yake mdogo aliyekomaa.

Ushahidi mzito kwamba cheo hufundishwa hutokana na visa vichache vya kulea watoto wa wengine. Mtoto aliyelelewa na jike asiye mama yake hupata cheo cha mlezi wake. Hata hivyo, maumbile nayo yana sehemu. Majike wa juu huwa na homoni za androjeni nyingi zaidi mwishoni mwa mimba, na watoto wao huonyesha ukali zaidi wanapocheza.

Vyeo hubadilika mara chache. Rekodi za miaka mingi za Talek zinaonyesha kwamba jike anayepanda juu ya mstari wake wa urithi huwa amepata msaada thabiti wa washirika wake wa karibu. Muungano wa jamaa huilinda ngazi ya vyeo, na ukipata nguvu za kutosha huweza pia kuipindua.

Njia ya dume

Dume kwa kawaida huondoka kwao akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Chanzo cha safari hiyo ni uchaguzi wa majike. Jike hupendelea dume aliyezaliwa au kuhamia ukooni baada ya yeye mwenyewe kuzaliwa, na kwa kanuni hiyo hukwepa kuzaa na baba yake au kaka zake wakubwa. Dume naye huelekea kwenye ukoo wenye majike vijana wengi ambao watamkubali. Ukoo huo ukiwa ni wa kwao, baadhi ya madume hubaki na kuzaa hapohapo.

Anayehama huanza upya. Mwana wa jike mkuu, aliyezoea kula mapema, hujikuta mwisho wa foleni katika ukoo mgeni. Madume wahamiaji hupanga vyeo vyao kwa zamu ya kuwasili, na mmoja hupanda pale waliomtangulia wanapokufa au kuondoka. Ni nadra wapigane ili kuruka zamu. Lakini urithi wa mama haupotei wote, maana wana wa majike wa juu hukua vizuri na huanza kuzaa mapema kuliko wengine.

Jike ndiye mwenye kauli ya mwisho katika kupandana. Kinembe chake kimerefuka hadi kufanana na uume, na kupitia humo hukojoa, hupandwa na huzaa. Kwa umbile hilo dume hawezi kumlazimisha. Hulazimika kumfuata jike kwa muda mrefu, kumzoea na kumwonyesha upole. Umbile hilohilo hufanya uzazi wa kwanza kuwa mgumu, na watoto wengi wa uzazi huo hufa wakati wa kuzaliwa.

Siku ya ukoo

Fisi wa ukoo mmoja mara chache hukusanyika wote. Mchana wengi hulala vichakani, kwenye matope au mdomoni mwa mashimo, ambayo mara nyingi yalichimbwa na muhanga au ngiri. Jua linapozama huamka, wakatawanyika kwa vikundi vidogo au mmoja mmoja, kisha hukutana tena kwenye windo, mpakani au shimoni.

Wanapokutana husalimiana. Wawili husimama sambamba, kila mmoja akielekeza kichwa kwenye mkia wa mwenzake, huinua mguu wa nyuma na kunusana. Mara nyingi wa cheo cha chini ndiye anayeanza. Salamu hiyo hufufua uhusiano baada ya kutengana na huwaandaa washirika kabla ya kazi ya pamoja.

Kutafuta chakula huchukua sehemu kubwa ya usiku. Kruuk alionyesha kwamba fisi wa Ngorongoro huua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba ndio huja kuwanyang'anya. Fisi mmoja anaweza kumkimbiza nyumbu kwa kasi inayokaribia kilometa 60 kwa saa mpaka nyumbu achoke. Kwa punda milia, ambaye dume lake hulitetea kundi, fisi hujikusanya kwanza, mara nyingi kumi au zaidi.

Windo likianguka, cheo huonekana bila kificho. Wa juu hushika nafasi nzuri, wa chini hula haraka watakachopata au husubiri pembeni. Kicheko maarufu cha fisi husikika hasa wakati huu. Hutolewa zaidi na yule anayebanwa au aliye katika msisimko, wala si ishara ya furaha. Kundi huweza kummaliza punda milia mzima kwa muda mfupi, pamoja na mifupa, na kwa sababu ya kalisi ya mifupa kinyesi cha fisi hukauka kikawa cheupe. Fuvu na taya zenye uwezo huo huchukua karibu miaka 3 kukomaa. Katika muda wote huo fisi mchanga hula polepole, na asingeweza kushindana na wakubwa kama cheo cha mama kisingemfungulia nafasi.

Mawasiliano ya mbali hufanywa kwa mlio mrefu unaoanza chini na kupanda, unaoweza kusikika umbali wa kilometa kadhaa. Kila fisi ana mlio wake, na mama huutambua wa mtoto wake. Mipaka ya ukoo hutiwa alama kwa vinyesi vilivyorundikwa mahali pamoja na kwa ute wenye harufu kali, ambao fisi hupaka kwenye majani kutoka tezi zilizo karibu na mkundu. Wageni wakivuka, wenyeji huitana na kuwakabili, na vita vya aina hiyo huweza kuua.

Mzigo wa kulea

Ingawa shimo ni la pamoja, karibu kila mama hunyonyesha watoto wake tu. Maziwa yake yana mafuta na protini kwa wingi, na kunyonya huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Madume hawaleti chakula. Cheo cha mama basi huamua ni mara ngapi watoto shimoni hupata maziwa. Katika Serengeti, nyumbu wanapohama na kuliacha eneo la ukoo, wanyama wachache wanaobaki hutwaliwa na majike wa juu. Wa chini husafiri makumi ya kilometa kuyafuata makundi, wakipita katika maeneo ya koo nyingine, na kurudi baada ya siku kadhaa wakiwa na viwele vilivyojaa. Watoto wao hukua polepole na hufa kwa wingi zaidi. Majike wa juu huanza kuzaa wakiwa wadogo, huzaa mara nyingi na hubaki na watoto wengi walio hai, hivyo katika vizazi kadhaa familia yao huchukua sehemu kubwa ya ukoo.

Ukoo na binadamu

Simba ni adui mkubwa wa fisi, lakini binadamu naye ana mkono mzito. Mitego ya waya inayotegwa kwa ajili ya nyumbu kuzunguka Serengeti huwanasa fisi wanaosafiri, hasa majike wanaonyonyesha. Mama akifa njiani, watoto wake shimoni hufa kwa njaa, kwa kuwa ni nadra jike mwingine awanyonyeshe. Kwingineko wafugaji waliopoteza mbuzi au ndama hutia sumu kwenye mzoga, na sumu hiyo huua fisi, tai na simba kwa pamoja. Boma imara la usiku huokoa mifugo kwa madhara machache zaidi.

Hasara ya ukoo haihesabiki kwa idadi ya mizoga peke yake. Kwa kuwa cheo cha kila fisi hutegemea mama na jamaa walio hai, kifo cha majike wachache wazima huwanyima binti zao msaada waliotegemea, na familia iliyokuwa juu huweza kushuka. Fisi huondoa mizoga na mifupa nyikani na huwapunguza wanyama dhaifu kwenye makundi, kazi ambayo ni wachache wanaoweza kuifanya kwa kiwango hicho. Kuwahifadhi kunahitaji kulinda mashimo ya malezi pamoja na njia ambazo mama hupita kwenda kutafuta chakula, hata zinapotoka nje ya mipaka ya hifadhi.