Mlima Unaobebeka

Ukipanda teksi Jinja kwenda Mbale, dereva atapita Iganga, na akifika Nakalama ataiacha barabara ya Tororo ashike ile ya Tirinyi. Kuanzia hapo nchi imelala. Utavuka bonde la mto Mpologoma, mafunjo na mpunga huku na huku, na kwa mwendo mrefu hakuna kilima cha kukuzibia macho. Ukishaipita Budaka, ukuta wa Wanale unakusimamia mbele. Mvua ikiwa imenyesha, maporomoko ya maji yananing'inia kwenye mwamba kama nyuzi nyeupe. Mbale imekaa miguuni pa ukuta huo, na nyuma yake mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, unapanda hadi mita 4,321.

Mhindu aliyelelewa na masimulizi ya mahekalu ya milimani angeutazama Wanale akasema: hapa ndipo. Mapango yapo, maji yapo, ukungu upo. Lakini akiuliza hekalu liko wapi, ataelekezwa mjini. Jinja ni vivyo hivyo: mahekalu yako kwenye mitaa ileile ya maduka na nyumba za kupanga. Inakuwaje watu wenye dini ya safari ndefu za kupanda milima wafike chini ya mlima kama huu, waishi hapo miaka na miaka, wasiupande kwenda kujenga? Jibu halimo katika uvivu wala woga. Limo katika maana ya hekalu lenyewe.

Pango na kilele

Msikiti na kanisa ni mahali pa waumini kukusanyika. Hekalu la Kihindu, kwanza kabisa, ni nyumba ya mungu. Waumini ni wageni wanaokuja kumwona mwenye nyumba na kuonwa naye. Chumba cha ndani anamokaa huitwa garbhagriha, yaani chumba cha tumbo la uzazi. Kwa kawaida ni kidogo, chenye giza, hakina dirisha. Katika ujenzi wa kaskazini na magharibi ya India, juu ya chumba hicho hupanda mnara uitwao shikhara, neno la Kisanskriti lenye maana ya kilele cha mlima.

Unganisha hayo mawili, utaona fundi alichojenga: mlima wenye pango ndani yake. Mlima unaoigwa ni Meru, ambao katika masimulizi ya Kihindu ndio nguzo ya katikati ya ulimwengu (na Meru ya Arusha imefanana nao jina tu), au Kailasa, makao ya mungu Shiva. Huko Ellora, magharibi mwa India, mafundi wa karne ya 8 walianza juu ya jabali wakachonga kwenda chini mpaka wakatoa hekalu zima la Kailasa katika mwamba mmoja. Wengine wengi hupandisha matofali, mawe au saruji, lakini nia ni ileile.

Kwa hiyo Mhindu aliyejenga hekalu katika mji tambarare hakuuacha mlima nyuma. Aliubeba.

Kuna neno la pili la kulijua: tirtha. Siku hizi hutafsiriwa kuwa mahali pa hija, ila asili yake ni kivuko, pale ambapo mto unapitika kwa miguu. Ndiyo maana sehemu nyingi takatifu za Wahindu ziko kandoni mwa mito, kwenye makutano yake au kwenye chemchemi zake. Kwa jicho hilo, Jinja ilikuwa tirtha hata kabla ya Mhindu wa kwanza kufika. Jina la mji latokana na mawe, yale yaliyokuwa pale ambapo maji ya ziwa yalianza safari ya kuwa mto Nile, ambao Wasoga huuita Kiyira. Mawe hayo na maporomoko ya Ripon yamezama tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Lakini miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilikuwa imemwagwa kwenye maji hayo. Kwa desturi ya Wahindu, majivu ya marehemu hukabidhiwa maji yanayotiririka yakayafikisha baharini, na Nile ilikubalika kwa kazi hiyo kama mto Ganga wa India. Sanamu ya kichwa cha Gandhi inayoonekana leo kwenye bustani ya chanzo cha Nile ilizinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral.

Mungu anayeshuka na watu

Sasa tuende kwenye hekalu la mlimani hasa, tuone linavyofanya kazi. Kedarnath liko Himalaya, kwenye mita 3,583, juu ya mto Mandakini. Ni moja ya sehemu 12 takatifu kupita zote kwa waabudu wa Shiva. Barabara ya magari inaishia chini, kisha msafiri hupanda kwa miguu au kwa farasi mdogo zaidi ya kilomita 15. Mlima huo hauna huruma: Juni 2013 mafuriko yalishuka kutoka kwenye barafu yakaua maelfu ya watu katika mabonde yale. Hekalu lenyewe lilibaki limesimama, baada ya jabali kubwa kusukumwa na maji na kukaa nyuma yake, likayagawa mafuriko.

Lakini jambo linaloifaa mada yetu si la siku ile ya maafa. Ni la kila mwaka. Baada ya sikukuu ya Diwali, theluji inapokaribia, makuhani huwasha taa ndani ya hekalu, hufunga mlango, kisha humteremsha mungu. Umbo lake la safari huwekwa kwenye machela iliyopambwa, likabebwa mabegani hadi Ukhimath, mji mdogo wa chini ambako watu huishi mwaka mzima. Huko ndiko ibada huendelea kwa miezi kama sita. Theluji ikiyeyuka, mungu na watu hupanda tena, na waumini husema taa hukutwa ingali inawaka.

Hata katika hekalu la mbali namna hii, basi, mungu haachwi peke yake na mlima. Watu wakishuka, naye hushuka. Sababu ni ibada iitwayo pranapratishtha: kuipulizia pumzi sanamu, ambayo Wahindu wenyewe huiita murti. Kabla ya ibada hiyo, ni jiwe lililochongwa vizuri. Baada yake, ni mwenye nyumba aliye hai. Huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula, huombewa kwa taa jioni, hulazwa usiku. Jengo unaweza kuliacha likusubiri. Mwenye nyumba hawezi kukaa bila wa kumhudumia.

Pamba ndiyo iliyochagua viwanja

Hapo utaelewa kwa nini mahekalu ya mashariki mwa Uganda yakakaa yalipokaa. Wengi hudhani yalijengwa na vibarua wa reli. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, lakini wengi wao walirudi kwao mikataba ilipoisha. Waliosimamisha mahekalu ni zaidi wafanyabiashara waliokuja kwa hiari, wengi wao kutoka Gujarat, na hao waliifuata pamba.

Pamba ilianza kuenezwa kwa wakulima wa Uganda miaka ya 1903 na 1904. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilikwishaunganisha Jinja na Namasagali kwa ajili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kuu ilifika Jinja kupitia Tororo, na tawi likapita Mbale kuelekea Soroti. Penye stesheni pakawa na kiwanda cha kuchambua pamba, penye kiwanda pakawa na duka, penye maduka pakawa na familia, na familia ilihitaji mahali pa kumpeleka mtoto kubarikiwa. Kakira, jirani na Jinja, Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930, na jamii ikazidi kukua. Mwaka 1960 Yogiji Maharaj, kiongozi wa mojawapo ya madhehebu ya Swaminarayan, alifika Uganda kuyaweka wakfu mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo.

Mahekalu hayo hayakuwekwa mahali pa mandhari. Yaliwekwa mahali ambapo pangepatikana mtu wa kumwamsha mungu kila asubuhi.

Baridi ya Uganda

Tarehe 4 Agosti 1972, huko Tororo, Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke nchini. Walipewa siku 90. Ilipofika Novemba, makumi ya maelfu walikuwa wametawanyika Uingereza, India, Kanada na kwingineko.

Fikiria tangazo lile kwa mantiki ya hekalu. Kedarnath watu hushuka wakijua watapanda tena, na machela ya mungu imeshaandaliwa. Hapa hapakuwa na Ukhimath. Mungu wa nyumbani, yule mdogo wa kwenye rafu, aliweza kuingia kwenye sanduku. Hekalu la mjini haliingii. Nyumba na maduka vikapewa wengine au vikawa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali za walioondoka. Sheria ya kuzirudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, ila marejeo yenyewe yalishika kasi baada ya 1986, chini ya serikali ya Museveni. Familia chache zilirudi, na wageni wapya kutoka India wakaja kuanza biashara. Hekalu lililokaa bila huduma halifunguliwi kwa ufunguo tu: husafishwa, huwekwa wakfu upya, na murti iliyovunjika haiabudiwi tena, huzamishwa majini na nyingine kuletwa.

Majirani wasiohamishika

Kuna wenyeji ambao imani yao ilipimwa kwa namna nyingine kabisa. Kilomita chache chini ya Jinja yalikuwepo maporomoko ya Bujagali, au Budhagaali kwa Kisoga, makao ya mzimu mkubwa wa Wasoga. Bwawa la megawati 250 lilipojengwa na kuzinduliwa mwaka 2012, maporomoko yalizama. Kabla ya hapo matambiko yaligharimiwa ili mzimu uhamishwe. Mganga aliyejulikana kuwa mlinzi wake alikataa katakata: mzimu ni wa maporomoko yale, na haupelekwi pengine kama mzigo.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mungu wa hekalu ana ibada ya kumwingiza jengoni na njia ya kumtoa. Mzimu wa Budhagaali ulikuwa wa mahali. Wanale nao ni hivyo kwa Bamasaba, wanaosema babu yao Masaba alitoka mlimani, na ambao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili hufungua msimu wa tohara ya imbalu pale Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Mlima ule ulikuwa na wenyewe tayari. Mfanyabiashara aliyekuja na mlima wake hakuwa na haja ya kuugombania wa watu.

Ukienda

Hekaluni mgeni hakatazwi, mradi aende na adabu zake. Vaa nguo za heshima, uwe umeoga. Viatu huachwa mlangoni. Ile methali yetu ya Baniani mbaya na kiatu chake kuwa dawa inaishia hapo kizingitini, maana ndani hakuna Baniani wala kiatu, kuna mwenyeji na wageni wake. Ukilizunguka hekalu, mungu awe mkono wako wa kulia. Usiingie chumba cha ndani, hicho ni cha kuhani, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Ukipewa prasadi, kile chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, kipokee kwa mkono wa kulia ukile. Kukiacha ni kumrudishia mwenyeji sahani yake. Katika baadhi ya mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa pande mbalimbali. Nenda jioni, wakati wa arati, taa zinapozungushwa mbele ya murti na kengele kulia.

Ukitoka hekaluni Mbale saa hiyo, geuza uso upande wa mashariki. Wanale bado uko pale, na si pambo: usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilishuka kutoka huko, ikaingia mjini na kuua zaidi ya watu 20. Bonde la Mbale na bonde la Mandakini yamejengwa kwa sheria moja ya maji na mteremko.

Theluji tu ndiyo haiteremki hapa. Makuhani wa Mbale na Jinja hawana msimu wa kufunga mlango, na mlango huo ulipofungwa ulifungwa na binadamu. Leo unaendelea kufunguliwa kwa sababu asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, kuna mtu anayeoga, anayevaa nguo safi na kwenda kumwamsha mwenye nyumba.