Kolwezi: Alkoli ya asilimia 70 yaishinda ya asilimia 95 katika kuua vijidudu

Ukiingia famasi mjini Kolwezi ukakuta chupa mbili za alkoli, moja ya asilimia 70 na nyingine ya asilimia 95, ni rahisi kuchagua ile kali zaidi. Kwa kusafisha mikono, utakuwa umekosea.

Sababu iko kwenye vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za uhai katika kila kiumbe, bakteria wakiwemo. Mama anayetengeneza munkoyo anavijua kwa vitendo. Akitia mizizi katika uji wa mahindi uliopoa kiasi, vimeng'enya vya mizizi huvunja wanga na uji mzito unakuwa mwepesi. Akiitia uji ukiwa bado unachemka, vinaharibika na kazi inakwama.

Kimeng'enya ni kama uzi uliokunjwa kwa namna yake. Mikunjo ikifumuka, hakifanyi kazi tena. Alkoli hufumua mikunjo hiyo, lakini inahitaji msaada wa maji, kwa sababu protini iliyokauka hukakamaa na kubaki na umbo lake. Mwaka 1984, watafiti Alexander Zaks na Alexander Klibanov wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya cha kongosho la nguruwe, kikiwa katika kiyeyusho chenye maji kidogo mno, kiliendelea kufanya kazi kwa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 100. Katika maji ya joto hilo, kiliharibika mara moja.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, halipendekezi alkoli tupu. Kwa lita 10 za dawa ya mikono, wataalamu wake huchanganya mililita 8,333 za alkoli ya asilimia 96, mililita 417 za oksijeni ya maji ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini, kisha hujazia maji yaliyochemshwa na kupoa. Mchanganyiko hukaa saa 72 kabla ya kutumiwa.

Jambo hili si dogo kwa Wakongo. Covid-19 ilithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Mpox huambukiza kwa kugusana.

Vipi lutuku? Hapana. Nguvu yake haipimwi, na hubadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine. Alkoli ya mikono nayo haifai kunywewa, na isipakwe karibu na makala yanayowaka, kwa kuwa hushika moto upesi.

Kwa mchimbaji anayetoka shimoni na mikono yenye udongo, alkoli haitoshi hata ikiwa ya kipimo sahihi, maana uchafu huikinga mikono isifikiwe. Aanze na maji na sabuni.

Na famasini, soma namba kwenye chupa kabla ya kulipa.