Shirika la hisani lisisimame kwa mguu mmoja

Rais Donald Trump alipotia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, tarehe 20 Januari 2025, wengi humu nchini walidhani hayo ni mambo ya wakubwa wa Washington. Haukupita muda kabla ya wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo kuachishwa kazi, na wagonjwa wa Ukimwi wakaanza kuuliza dawa zao zitatoka wapi. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka wa 1961, lilikuwa limekoma kuendesha shughuli zake. Yapo mashirika mema, yenye hesabu safi na watumishi wenye bidii, yaliyofunga milango kwa sababu moja tu: mfadhili wao alikuwa mmoja.

Nalizungumza jambo hili kwa kuwa mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kamati ya hazina ndogo inayowalipia karo watoto wa maskini katika shule yetu ya upili. Hazina hiyo ilitegemea hundi iliyoletwa mara moja kwa mwaka kutoka ng'ambo. Mwaka ambao hundi haikuja tuliletewa barua ya nusu ukurasa, yenye adabu tele, ikisema kwamba shabaha za wafadhili wetu zimebadilika. Siwalaumu. Mwenye hiari ya kutoa ana hiari ya kuacha. Lakini msichana wa kidato cha tatu anayerudi nyumbani na sanduku lake kichwani katikati ya muhula, utamweleza nini kuhusu shabaha za watu asiowajua?

Ushauri tuliopewa na wengi ulikuwa kwamba tutafute mfadhili mwingine. Nilipinga, na ningali napinga. Kumtoa mmoja na kumweka mmoja ni kuahirisha msiba ule ule. Isitoshe, anayelipa kila kitu aghalabu huishia kuamua kila kitu: watoto wa aina gani wasaidiwe, na picha zao zipigwe wakiwa na nyuso za huzuni kiasi gani.

Basi fedha zitoke wapi? Yafaa kwanza tukumbuke kwamba taifa hili halikuzaliwa likiomba. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, wananchi walijenga shule nyingi mno kwa mikono yao. Aliyekosa shilingi alileta jogoo, mawe ya msingi au siku mbili za kazi. Baadaye wanasiasa waliuteka mchango huo wakaugeuza jukwaa la kutafutia kura, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ikaja kuwawekea maafisa hao mipaka. Hata hivyo, aliyeichafua harambee hakuiua. Mwaka wa 2011, ukame ulipowakumba ndugu zetu wa kaskazini, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya ilianza na lengo la shilingi milioni 500, na lengo hilo likapitwa katika muda wa majuma machache, wengine wakituma shilingi kumi kwa M-Pesa.

Lakini fedha za namna hiyo huja na machozi, na machozi hukauka. Karo hudaiwa kila muhula, iwe kuna picha ya kusikitisha gazetini au hakuna. Kwa hiyo harambee peke yake haitoshi, sawa na vile hundi ya ng'ambo peke yake haikutosha.

Hapa ndugu zetu wa Pwani wanalo la kutufunza. Tangu kale, Mwislamu mwenye uwezo huko Mombasa au Lamu huweza kuiweka wakfu nyumba au shamba lake. Mali yenyewe haiuzwi. Kodi yake ndiyo hutumiwa kuutunza msikiti, madrasa au maskini, hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Shule zetu nyingi zina ekari za ardhi zinazolala bure nyuma ya mabweni. Vyumba vinne tu vya kupangisha upande wa barabara vingeweza kumlipia mtoto karo kwa miaka ambayo sisi hatutakuwapo. Wapo pia waliojaribu biashara kamili, kama Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lililojenga hoteli. Biashara, hata hivyo, ina hasara zake. Mwaka wa 2020 korona ilipoingia, hoteli zilikuwa miongoni mwa za kwanza kukosa wateja.

Chemchemi ninayoipenda kuliko zote ni wanafunzi wetu wa zamani. Tuseme mia mbili kati yao wanatuma shilingi mia moja kila mwezi. Hizo ni shilingi 240,000 kwa mwaka, na hakuna mmoja wao ambaye akijitoa mtoto atafukuzwa shule. Wazazi nao, wasemao hawana kitu, huwa na gunia la mahindi au debe la maharagwe wakati wa mavuno, na jiko la shule halikatai. Katika kamati yetu nimependekeza kwamba mtoaji yeyote, hata awe mkarimu vipi, asibebe zaidi ya theluthi moja ya bajeti, na kwamba karo ya muhula mmoja iwekwe benki isiguswe. Mweka hazina wetu alicheka, akauliza ni maskini gani huyu anayekataa pesa. Tungali tunajadiliana.

Neno moja kuhusu hesabu. Mtoaji mdogo hana mkaguzi wa kumtuma. Ana macho tu. Orodha ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila muhula, peni kwa peni, ama sivyo shilingi mia zake zitakoma kimyakimya.

Nanyi watahiniwa wa KCSE mwaka huu, kabla ya kuondoka mwandikieni mwalimu wa darasa majina yenu kamili, nambari za simu, na jina la mtu wa nyumbani asiyehamahama. Tulipojaribu kuwatafuta waliowatangulia, robo tatu ya nambari tulizokuwa nazo hazikupatikana.