Sauna ya Infraredi: Joto Lenye Faida na Ahadi Zisizo za Kweli



Katika hoteli kubwa na vituo vya mazoezi mijini vimeanza kuonekana vyumba vidogo vya mbao viitwavyo sauna za infraredi. Baadhi ya wafadhili wetu wanavyo nyumbani kwao. Pamoja na vyumba hivyo zimekuja ahadi nyingi: kwamba vinatoa sumu mwilini, vinapunguza unene, na hata vinaponya kisukari na presha. Mtu anayeamini ahadi hizo akaacha dawa zake anahatarisha maisha. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza sauna hii inafanya nini na haifanyi nini.

INFRAREDI NI NINI?

Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanasayansi William Herschel aligawanya mwanga wa jua katika rangi zake, akapima joto la kila rangi kwa kipimajoto. Alipokiweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kiliendelea kupanda. Miali hiyo isiyoonekana ndiyo infraredi.

Miali hii tunaifahamu sote. Ukikaa kando ya jiko la mkaa, unahisi joto usoni hata kama hewa ya chumba bado ni baridi. Hiyo ni infraredi. Hospitali nyingi pia zina taa za aina hii katika idara ya viungo. Si sawa na eksirei: haipiti mwilini, bali huishia karibu na ngozi. Joto hilo husambazwa ndani na damu. Kwa hiyo wanaosema kuwa miali hii hupenya hadi kwenye mifupa wanatia chumvi.

INATOFAUTIANAJE NA SAUNA YA KIFINI?

Finland, nchi yenye watu wapatao milioni 5.5, inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu. Katika sauna ya Kifini mawe huchomwa, hewa ikafikia nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, na maji humwagwa juu ya mawe ili kutoa mvuke. Katika sauna ya infraredi hakuna mawe wala mvuke. Vibao vya umeme humulika mwili moja kwa moja, na hewa huwa kati ya nyuzi 45 na 60 tu. Ndiyo maana watu wasiovumilia joto kali huipenda zaidi.

MWILI UNAFANYA NINI?

Ngozi inapopata joto, mishipa ya damu hutanuka, moyo hupiga haraka, na jasho hutoka. Ni kama mtu anayetembea kwa haraka, ingawa misuli haifanyi kazi. Akitoka na kupumzika, presha hushuka kwa muda, misuli hulegea, na wengi husema wanalala vizuri. Hizo ni faida za kweli.

Huko Kagoshima, Japani, daktari Chuwa Tei alianzisha tiba aliyoiita waon, maana yake joto linalotuliza. Wagonjwa wenye moyo dhaifu hukaa katika chumba cha infraredi chenye nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha hulazwa wakiwa wamefunikwa blanketi kwa dakika 30, na hupewa maji ya kunywa. Yote hufanyika chini ya uangalizi wa madaktari, na wagonjwa huendelea na dawa zao. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 149. Waliopata tiba hii walionyesha nafuu kwa baadhi ya vipimo, lakini katika kipimo kikuu cha damu hawakuwapita kwa uhakika wale ambao hawakuipata.

Matangazo mengi hutaja pia utafiti wa Kuopio, Finland, uliotolewa mwaka 2015. Wanaume 2,315 walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na miongoni mwa walioingia sauna mara nyingi kwa wiki, vifo vya magonjwa ya moyo vilikuwa vichache zaidi. Lakini ile ilikuwa sauna ya Kifini, si ya infraredi. Tena huenda mwenye afya njema ndiye anayeweza kwenda sauna mara nyingi.

JE, JASHO LINATOA SUMU?

Jasho karibu lote ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Wanaosafisha damu ni ini na figo. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku. Kilo anayopungua mtu akitoka sauna ni maji, na itarudi akinywa.

NANI ASIINGIE, AU AMWONE DAKTARI KWANZA?

1. Mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu joto kali laweza kumdhuru mtoto.
2. Aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, au anayeumwa kifua.
3. Mwenye homa, anayeharisha, au aliyekunywa pombe.
4. Anayetumia dawa za presha au za kukojoza, maana anaweza kuzirai.
5. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, kwani anaweza kuungua bila kujua.
6. Mwanamume anayetafuta mtoto: joto hupunguza mbegu kwa muda.

Mtu mzima mwenye afya aanze na dakika 10, asizidi 20 au 30, anywe maji kabla na baada, na asiwe peke yake. Akihisi kizunguzungu atoke mara moja.

NA NYUNGU ZETU?

Kujifukiza ni desturi ya zamani kwetu, na mwaka 2020, wakati wa korona, kulienea sana Tanzania. Mvuke huleta nafuu mafua yanapobana pua, lakini haukuponya korona. Tahadhari ni zilezile, na mbili zaidi: chungu kikipinduka huunguza vibaya, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu inayoua kimyakimya.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Ikiwa parokia yenu imeahidiwa sauna kwa ajili ya zahanati au nyumba ya wazee, jiulizeni kwanza: nani atalipa umeme? Chumba cha mtu mmoja hutumia karibu kilowati 1.5 hadi 2, sawa na birika la umeme linalochemka muda wote. Nani atawapima watu presha kabla hawajaingia? Mara nyingi mashine ya kupimia presha, dawa zisizokatika na kikundi cha kutembea asubuhi vitawasaidia watu wengi zaidi kwa fedha kidogo.

Anayependa sauna na ana uwezo nayo, aitumie kwa kiasi na ashukuru kwa pumziko lake. Ila asiache dawa zake.